Somo: Kuchaji gari la umeme safarini pasipo na kituo cha kuchajia

Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Wiki hii nimeulizwa mara nne: ukienda Singida na gari la umeme, unachaji wapi? Naandika mara moja kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Gari langu ni Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, betri ya kilowati-saa 40. Nimefika nalo Kondoa, Manyoni, Singida, na Iringa kwa njia ya Mtera.

Hatua ya 1. Jua gari lako linakula kiasi gani. Langu likitembea 80 linakula kama yuniti 15 (yuniti moja ni kilowati-saa moja) kwa kilomita 100. Lako lipime mwenyewe, kwa sababu betri ya mtumba imeshachoka.

Hatua ya 2. Gawa safari. Dodoma hadi Manyoni ni kama kilomita 125, Manyoni hadi Singida ni pungufu kidogo ya hapo. Ukishapita Bahi unapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kwa hiyo weka akiba ya kutosha.

Hatua ya 3. Beba chaja ya mkononi inayokubali kupunguzwa ampea, yenye plagi yetu ya pini tatu bapa. Beba ekstensheni ya waya wa milimita za mraba 2.5 na kile kiplagi cha taa tatu cha kupimia soketi. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani isome kibandiko kwanza. Kama imeandikwa volti 200 peke yake, usiichomeke kwenye 230 yetu.

Hatua ya 4. Piga simu gesti kabla ya kuondoka. Usiulize kama wana chaji ya gari, utajibiwa hapana na simu itakatwa. Uliza kama gari linaweza kulala karibu na dirisha la chumba, na kama chumba kina kiyoyozi au hita ya maji. Vitu hivyo kwa kawaida huvutiwa waya mnene wenye breka yake, na hiyo ni dalili kwamba fundi aliyejenga pale hakubana waya. Taja malipo hapo hapo. Usiku mmoja unakula kama yuniti 18 za LUKU. Mimi huomba namba ya mita na kumnunulia mwenye nyumba yuniti 25, nazo zinaingia yeye mwenyewe akiona.

Hatua ya 5. Soketi. Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu hasa ya somo hili.

Katika safari yangu ya pili nilifika gesti moja saa mbili usiku, nimechoka. Nilikuwa na ekstensheni ya kibiringi. Nikavuta mita nne nilizohitaji, zaidi ya mita ishirini zikabaki zimezungushwa. Nikaweka chaja kwenye ampea 13, nikalala. Saa saba usiku nikaamshwa na harufu ya plastiki. Uso wa soketi ulikuwa umegeuka kahawia, plagi imegandana nayo, kibiringi hakishikiki kwa joto. Pazia lilikuwa karibu kabisa na pale, na chumba cha pili alilala mama na mtoto mchanga. Nilikimbilia breka, nikazima nyumba nzima. Asubuhi nilimlipa mwenye gesti soketi na fundi. Mpaka leo nikimkumbuka yule mtoto moyo unanienda mbio.

Elewa kilichotokea. Birika linavuta umeme mwingi kwa dakika tano, halafu linazima. Gari linavuta saa nane bila kupumzika. Soketi iliyolegea kidogo inapata joto, joto linailegeza zaidi, nayo inazidi kuchemka. Waya uliozungushwa nao unajipasha wenyewe, maana joto halina pa kutokea. Kwa hiyo:

– Usizidishe ampea 10. Kwenye soketi kuukuu weka 8.
– Fungua ekstensheni yote hadi mwisho, hata kama gari liko mita mbili.
– Ekstensheni ya matundu manne ya televisheni na adapta za safari: usitumie kabisa.
– Baada ya nusu saa shika plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, zima. Shika tena baada ya saa moja, ndipo ulale.

Hatua ya 6. Ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini. Chaja nzuri ikikosa ethi huwasha taa nyekundu na kugoma. Atatokea fundi akuambie, "Nakuungia nyutro kwenye pini ya ethi, itakubali." Itakubali kweli. Siku nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya kutoka nguzoni ikikatika, bodi zima la gari linaweza kuwa na umeme, na atakayegusa mlango akiwa pekupeku ndiye atakayelipa. Kiplagi cha taa tatu hakiwezi kuugundua ujanja huo, kwa hiyo uliza nani alifunga waya na rodi ya ethi imechimbiwa wapi. Asipojua, hama gesti.

Hatua ya 7. Anza saa nne usiku, watu wakishamaliza kupika na umeme ukiwa umepanda. Ukichaji kwa ampea 10 hadi saa kumi na mbili asubuhi, betri imepata kama yuniti 16. Hiyo ni kilomita 100 na kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Nkuhungu: Kwa hiyo mkuu ikijaa inatembea kilomita ngapi?

Hatua ya 1.

Mdau wa Morogoro: Mimi nachaji ampea 13 kila siku nyumbani na hakuna kilichoungua. Unatisha watu.

Nyumbani kwako soketi unaijua. Gesti huijui. Mimi pia usiku wa kwanza hakikuungua kitu.

Dada wa Kondoa: Kaka, shikamoo. Mama yangu kijijini amewekewa UMETA, kile kiboksi chenye soketi na taa. Naweza kuchajia pale nikienda kumwona?

Marahaba dada, na asante kwa kuuliza kabla. Usichajie pale. Kile kimekusudiwa taa, simu, redio. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: mama yako akiwa kwenye tarifu ya matumizi madogo, analipa bei nafuu kwa yuniti 75 za mwezi. Gari lako kwa usiku nne tu linazimaliza, na kinachozidi kinalipiwa zaidi ya mara tatu. Utamwachia mzigo bila kujua. Chaji Kondoa mjini, kijijini nenda na kurudi. Kama unakwenda mara kwa mara, mfungie mama laini kamili yenye ethi yake. Itamfaa hata gari lisipokuwepo.

Mdau wa Area C: Nina jenereta ya kilowati 1, nibebe?

Hapana. Chaja haishuki chini ya ampea 6, ambayo ni karibu kilowati 1.4. Itazima au itaungua.

Mdau wa Area C: Na nikiunga mbili?

Usiunge.

Mwanafunzi, UDOM: Naomba kuelewa kuhusu sola. Jua la Dodoma lote hili, paneli juu ya gari haziwezi kusaidia?

Swali zuri, tupige hesabu. Paneli moja ya wati 400, ukichukua saa tano za jua kali, inatoa yuniti 2 kabla ya upotevu. Hizo ni kama kilomita 12. Juu ya Leaf paneli ya pili haienei vizuri, na upepo wa barabarani utakula sehemu ya ulichopata. Lakini paneli kumi juu ya bati la gesti ni habari nyingine kabisa: kama yuniti 20 kwa siku, gari lililoshinda pale mchana linaondoka na karibu safari nzima ya Manyoni. Ukitaka mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, chukua hii, nami nitakupa vipimo vya safari zangu vyote.

Mzee wa Singida: Kijana, huku kwetu kuna mashine za kukamua alizeti zenye umeme wa njia tatu. Zinafaa?

Shikamoo mzee. Zinafaa sana, kuliko gesti. Ulizia kama wana soketi ya bluu ya ampea 32. Leaf yenye chaja ya ndani ya kilowati 6 inajaa mara mbili na nusu haraka zaidi, ila lazima uwe na kebo ya kiwango hicho. Fundi aitoe njia moja na nyutro, yaani volti 230. Akikupa njia mbili ni volti 400, chaja inakufa hapo hapo. Mwambie apime kwa mita mbele yako. Na uende mashine zikiwa zimesimama, maana mota ikiwaka umeme unayumba. Mchana wanapokula ni saa nzuri.

Mzee wa Singida: Jirani yangu anayo hiyo soketi. Nitaongea naye, ukija tena pitia kwangu.

Nitapita mzee. Naomba tu umuulize kama rodi ya ethi ipo.