Taekwondo ikukae mwilini: mwongozo kwa anayefanya mazoezi Dar

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuanza. Mkanda wako ni wa njano au wa kijani, doboki, ile sare ya mazoezi, unaifunga mwenyewe, na Taegeuk Il Jang, pumse ya kwanza (pumse ni miondoko iliyopangwa ya kufanya peke yako), unaimaliza bila kumchungulia wa pembeni. Ila ukijirekodi kwa simu unaona wazi: kila kitu kipo mahali pake na bado hakijakukaa. Ni kama umevaa nguo ya kuazima, iliyoshonwa kwa vipimo vya mwalimu wako.

Wengi wakifika hapo huanza kuongeza. Wanachota teke la kuruka huko YouTube, wanatia mikono ya kung fu waliyoiona kwenye mabanda ya video, wanachanganya na ngumi za Manzese, na baada ya muda hawajui tena wanachofanya. Ushauri wangu ni kupunguza. Chukua pumse moja na teke moja, uvichimbe mpaka uweze kueleza kwa nini kila kiungo kiko pale kilipo. Ukishaweza kueleza, una haki ya kurekebisha.

Na kama unaona kurekebisha ni utovu wa adabu kwa Wakorea, angalia wao walianzaje. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Shule zilizozaa taekwondo zilifunguliwa miaka ya 1940, na baadhi ya waasisi wake, kama Won Kuk Lee wa Chung Do Kwan, walikuwa wamejifunza karate Japani. Jenerali Choi Hong Hi, mwasisi mwingine, naye alipita hukohuko. Jina la taekwondo lilipitishwa 1955. Walichokipokea walikigeuza: kazi kubwa wakaipa miguu, pumse wakatunga za kwao, wakabishana miaka na mikaka nani ana haki ya kusema ipi ndiyo sahihi. Wewe uani kwako Tandale unafuata njia ileile, bila yale mabishano.

Hatua ya 1: Jua uko nyumba gani

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kama pumse zako zinaitwa Taegeuk, uko upande wa Kukkiwon, makao makuu ya Seoul yaliyofunguliwa 1972, na mashindano yake ni yale ya Olimpiki. Kama ya kwanza uliyofundishwa ni Chon-Ji yenye miondoko 19, uko upande wa ITF, shirikisho aliloliunda Choi 1966. Upande wa ITF mwili hupanda na kushuka kidogo kabla ya pigo. Upande wa Kukkiwon kichwa hubaki usawa mmoja. Ukichanganya mapema, utapata mwili unaoyumba bila sababu. Hapa chini nafuata Kukkiwon, ndiko ninakofundisha.

Hatua ya 2: Chagua sakafu kabla ya kuchagua saa

Saa ni rahisi. Dar ya Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, ukianza baada ya saa 2 asubuhi umejitakia mwenyewe. Anza saa 11 alfajiri, au jioni jua likishatua. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na dafu baada ya mazoezi halina mpinzani.

Sakafu ndiyo inayovunja watu. Vigae vya sebuleni vikidondokewa na jasho vinateleza kama sabuni, kwa hiyo weka kitambaa karibu upanguse kila ukimaliza mzunguko. Mkeka juu ya sementi unakimbia chini ya mguu, uondoe. Uani kwenye sementi iliyofagiwa vizuri ni pazuri kwa pumse, pabaya kwa kuruka.

Halafu kuna Coco Beach, ambako kila mtu anataka kupigia picha. Mchanga mkavu unafaa kwa mikao na kwa kuimarisha kifundo cha mguu. Teke la kuzungusha usipige pale. Mguu wa kusimamia unatakiwa uzunguke, na mchanga umeushika. Mwili ukigeuka na unyayo usigeuke, goti ndilo linalosokotwa. Ukitaka kupiga teke ufukweni, subiri maji yapwe ukafanyie kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji. Siku za bamvua unapata uwanja mpana, siku za maji mafu unapata ukanda mwembamba tu. Hata hapo geuza kisigino kwanza, taratibu, uone kama ardhi inakuruhusu.

Hatua ya 3: Ivunje Taegeuk Il Jang vipandevipande

Watu wanaidharau hii pumse kwa kuwa ni ya kwanza. Mimi naipenda kwa sababu haina pa kujificha. Ina mateke mawili tu, yote ap chagi, teke la mbele. Kihapu, ule ukelele wa nguvu, ni kimoja, kwenye ngumi ya mwisho. Mikao ni miwili: ap sogi, ambayo ni hatua ya mtu anayetembea, na ap kubi, iliyo ndefu zaidi, goti la mbele limekunjwa kiasi kwamba ukitazama chini liko sawa na ncha ya vidole. Mistari yake mitatu sakafuni inafuata alama ya Keon, mbingu, yenye mistari mitatu isiyokatika.

Fanya hivi. Egemeza simu kwenye ndoo, jirekodi mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha uiache video. Sasa chukua muondoko wa kwanza peke yake: unageukia kushoto, ap sogi, arae maki (kinga ya chini). Simama. Jiulize maswali matatu kwa sauti, ndiyo, kwa sauti, majirani watazoea. Mkono ulitoka wapi? Ulipaswa kuanzia bega la upande wa pili. Umeishia wapi? Juu ya paja, nafasi ya kama ngumi mbili. Uzito uko wapi? Kwenye ap sogi unagawanyika miguu yote miwili, kwa hiyo kama ukiinua kidole gumba cha mguu wa nyuma unaanguka, umeegemea.

Nenda hivyohivyo mpaka mwisho. Siku ya kwanza hutafika mbali, na usilazimishe. Pa kukaa zaidi ni pale unapotoka ap sogi kwenda ap kubi katika mstari wa katikati. Unageuka, unashuka, unakinga chini, halafu ngumi ya mkono wa pili inatoka ukiwa palepale, miguu haitembei. Wengi wanapiga ile ngumi kwa bega, kwa kuwa wakati wa kukinga nyonga ilishageuka yote na haina tena pa kwenda. Acha nyonga ibaki nyuma kidogo wakati wa kukinga, kisha iachie pamoja na ngumi. Utasikia tofauti kwenye kitambaa cha doboki kabla hujaiona kwenye video: kinalia.

Kipi chako na kipi si chako? Mwelekeo, mkao na mbinu yenyewe si vyako. Ukibadilisha arae maki iwe kitu kingine, umeshatoka kwenye pumse. Pumzi, kasi, pa kutulia na pa kulipuka ni vyako kabisa, na hata waamuzi wanalijua hilo. Katika mashindano ya pumse chini ya World Taekwondo, shirikisho la upande huu wa Olimpiki, alama ni 10: 4 za usahihi na 6 za uwasilishaji, yaani kasi na nguvu, mdundo, na uhai unaouonyesha. Anayekariri tu anapigania zile 4.

Kwa hiyo chukua kalamu. Gawa Il Jang katika sentensi zako, mahali unapovuta pumzi na mahali unapoitoa. Mtu mnene mwenye nguvu anaweza kutulia kidogo kabla ya kila ap kubi ili mshuko uonekane. Mwepesi anaweza kuunganisha ap chagi na ngumi yake karibu bila pengo, mradi mguu ukanyage kwanza. Jaribu zote mbili mbele ya simu, ubaki na ile ambayo ukiitazama kesho yake huoni haya.

Hatua ya 4: Teke moja, kwa vipimo vyako

Nachagua dolyo chagi, teke la kuzungusha, kwa kuwa ndilo litakalokulisha kwenye mapambano. Teke kwenye kifua linatoa alama 2, kichwani 3, na ukigeuza mwili mzima kwanza unaongezewa 2.

Jioni moja kijana aliniambia, "Mwalimu, mimi mfupi, kichwa sikifikii."

"Nani kakwambia ukifikie?"

Alikuwa anapiga juu kwa sababu kaka yake, mrefu kama mnazi, anapiga juu. Tukalishusha hadi mbavuni, tukasogeza hatua ya kuingilia karibu zaidi, na ghafla teke likawa na haraka ambayo kaka mtu hana. Mfupi anaishi ndani, mrefu anaishi nje. Mwenye nyonga ngumu asilazimishe urefu. Anyooshe misuli baada ya mazoezi, mwili ukiwa moto, na wakati huo apigie mbavu.

Mpangilio wenyewe haubadiliki kwa yeyote. Goti linainuka mbele kwanza, limekunjwa, kana kwamba unapiga ap chagi. Kisigino cha mguu wa kusimamia kinageuka kuelekea kwa mpinzani. Nyonga inafuata. Mguu unafunguka mwisho, unagonga kwa juu ya unyayo, vidole vimenyooshwa, kisha unakunjwa tena kabla ya kushuka. Hili la kukunja tena ndilo watu wanaliacha, na ndilo linalokuokoa mpinzani akijibu.

Shabaha si lazima ununue. Mwenzako akishika ndala upande wa kisigino, vidole vyake vikiwa mbali, umepata shabaha nzuri: ikipigwa sawasawa inalia pa, ikikwaruzwa inasema shwaa. Begi la kupigia jaza matambara ya mitumba kwenye kiroba imara na usitie mchanga. Mchanga unashuka chini, unakuwa jiwe, na juu ya unyayo hakuna nyama ya kukukinga.

Hatua ya 5: Mpe mtu nafasi ya kukukatalia

Peke yako kila teke linafika. Tafuta mwenzako, vaeni vikinga, na mpe kazi moja: akuzuie lile teke lako moja, kwa njia yoyote. Wewe huruhusiwi kupiga lingine. Dakika mbili, kama raundi ya mashindano, mpumzike, mrudie. Hapo ndipo utagundua unajitangaza, labda kwa kushusha mkono au kupumua kwa nguvu kabla ya kuinua goti. Muulize ameona nini. Kama ni mkubwa wako kwa mkanda, muulize kwa heshima, uiname kwanza. Kama ni mdogo, muulize vilevile.

Hatua ya 6: Siku ya mtihani

Mtahini anataka kuona kiwango cha Kukkiwon, mikao yenye urefu wake na mikono inayoishia panapotakiwa. Mdundo wako upeleke, mbwembwe ziache nyumbani. Doboki iwe safi na ipigwe pasi. Nguo iliyofubaa kwa jasho la Dar inaonekana toka mlangoni.

Ukishapita, rudia hatua ya 3 kwa Taegeuk Ee Jang. Kule ap chagi zinafika tano, na tatu za mwisho zinafuatana kwenye mstari mmoja, kila moja na ngumi yake. Anza na hizo tatu.