SOMO: Umekodi nyumba ya shambani Valle d'Itria, Puglia (Italia)? Zunguka hivi

Wakuu, kila kiangazi kikikaribia naulizwa lilelile: "Tumepata nyumba katikati ya mizeituni kusini mwa Italia, sasa tutembelee wapi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Kodi gari. Treni ndogo zipo, lakini Jumapili usizitegemee.

2. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya abebe na kibali cha kimataifa cha udereva. Kichukue nyumbani kabla hujapanda ndege.

3. Alberobello nenda asubuhi na mapema, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Zile nyumba zenye paa lililochongoka kama pia (trulli) zimepangwa kwa mawe ya chokaa matupu. Wenyeji husimulia kwamba mabwana wa Conversano waliwakataza watu kutumia chokaa ya kujengea, ili mkaguzi wa mfalme akija nyumba zibomolewe haraka na kodi isilipwe. Mji ulitoka mikononi mwao mwaka 1797, na UNESCO iliuorodhesha 1996. Mtaa wa Monti umejaa maduka. Vuka barabara uende Aia Piccola, huko bado watu wanaishi na utaona nguo zimeanikwa.

4. ZTL (eneo ambalo magari yamewekewa mipaka). HAPA SOMA MARA MBILI. Katikati ya miji mingi ya kale magari ya wageni hayaruhusiwi, na hakuna geti wala askari wa kukuzuia. Kuna kamera tu. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Kibao cha taa kikiandika "varco attivo", kamera inafanya kazi: usiingie. Ukipita utaendelea na safari yako kwa raha, kisha miezi baadaye barua inakufuata. Kwa anayeishi nje ya Italia wana siku 360 za kukuletea faini, na kampuni ya gari inakukata ada yake pembeni kwa kuwapa polisi jina lako. Ukipita tena siku nyingine, ni faini nyingine. Egesha nje ya mji, tembea. Mistari ya bluu unalipia, nyeupe ni bure, njano usiguse.

5. Mapango ya Castellana: njia ndefu ni kilomita 3. Beba sweta hata kama nje jua linachoma.

6. Kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa kumi na moja maduka mengi hufungwa. Nunua chakula asubuhi. Jioni nenda mji jirani wa Locorotondo.

MASWALI

Mzizima: Mkuu, kwani gari ni lazima?
— Hatua ya 1.

Kipepe: Mimi ramani ya simu ndiyo iliyonipitisha ZTL. Wanifutie.
— Ramani haishiki usukani. Alama ilikuwepo, na nimeieleza hapo juu.

BintiTanga: Sisi Waislamu tutakula nini huko?
— Swali zuri, dada. Bombette ni nguruwe, ziache. Taralli (vipete vikavu vya unga) mara nyingi hukandwa kwa divai, uliza kwanza. Lakini jaribu fave e cicorie: maharage makavu yaliyopondwa yakawa laini kama uji mzito, pembeni mboga chungu, juu mafuta ya zeituni. Samaki nao wapo tele pwani, Polignano na Monopoli.

Mkulima_Njombe: Nimeona picha za mizeituni imekauka kama kuni. Ni ukame?
— Hapana mkuu. Ni bakteria aitwaye Xylella, aligunduliwa huko 2013 upande wa Gallipoli. Mdudu anayefyonza mti humsambaza, bakteria anaziba njia za maji, mti unakauka kuanzia matawi ya juu. Dawa ya kuuponya haipo. Ukishuka kuelekea Lecce utaona mashamba mazima yamekufa, inauma. Ile mikongwe yenye mashina yaliyojisokota iko tambarare kati ya Ostuni na Fasano. Nenda uione.

Mzizima: Na mafuta ya gari?
— Pampu ya "self" unajaza mwenyewe. "Servito" unajaziwa, bei iko juu zaidi kwa kila lita.

BintiTanga: Ufukweni je, kuna kiingilio?
— "Lido" unalipia mwavuli na kiti. Tafuta "spiaggia libera", hiyo ni bure. Beba mwavuli wako.