Kabla hujarudi kazini kutoka likizo ya uzazi: saa zako na kituo cha mtoto vipangwe pamoja

Usisubiri wiki ya mwisho ya likizo. Siku 84 zinazotolewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 (siku 100 kwa waliojifungua mapacha) ni wiki 12 tu, na nusu ya kwanza huishia kwenye kulala vipande vipande na kunyonyesha. Angalia pia likizo yako ilianza lini. Sheria inakuruhusu kutoka wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Ukizitumia zote, mtoto atakuwa na wiki nane hivi siku unaporudi, na chanjo za wiki ya 10 na ya 14 zitakukuta kazini. Hata anayeanza likizo siku ya kujifungua ataikuta ile ya wiki ya 14 wiki mbili baada ya kurudi. Mwambie msimamizi wako tarehe hizo mapema.

Likizo ya mwaka, siku 28, iombe iunganishwe na ya uzazi. Zote mbili ni siku 112, yaani wiki 16, na mtoto wa wiki 16 si sawa na wa wiki 12. Ila anayepanga likizo ya mwaka itumike lini ni mwajiri, kwa hiyo ombi liambatane na taarifa ya likizo ya uzazi, ile ambayo sheria inataka umpe mwajiri miezi mitatu kabla ya kujifungua. Usije nalo ukiwa tayari umejifungua.

Wa zamu za usiku wasome hapa mara mbili. Sheria inakataza mama kupangiwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Hesabu vizuri: siku unayoripoti kazini, miezi hiyo miwili inakuwa imekwisha au iko ukingoni. Muuguzi au mhudumu wa hoteli anaweza kupangwa usiku wiki ya kwanza kabisa, na hatakuwa na kinga isipokuwa cheti cha daktari kinachosema afya yake au ya mtoto bado hairuhusu. Kama mna sababu ya kiafya, cheti kipatikane kabla ya ratiba ya zamu kubandikwa.

Sasa jambo linaloumiza wengi kuliko yote. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi wanalijua hilo, wanatabasamu, kisha wanatafuta kituo cha kulelea mtoto kana kwamba ni suala jingine. Chukua mama wa Dar es Salaam anayeishi Goba, pembezoni mwa jiji, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kituo kiko karibu na nyumbani, kinafunga saa 11 na nusu. Msimamizi wake anaelewa kwamba saa mbili ni za kutoka mchana, kunyonyesha na kurudi mezani. Kwenda Goba na kurudi Posta mchana ndani ya saa mbili, na kunyonyesha humo humo, ni kukimbizana na saa kila siku, kwa hiyo ruhusa ipo lakini haitumiki. Jioni anatoka saa 11, foleni inamweka barabarani, anafika saa 1 kasoro. Mlezi amemfungia mtoto kanga mgongoni na anasubiri mlangoni. Mwezi wa kwanza anavumilia, wa pili anadai nyongeza, wa tatu anamwambia mama atafute kituo kingine.

Mama anazungumza na msimamizi, wanakubaliana atoke saa 9 alasiri. Mambo yanakaa sawa, hadi msimamizi anahamishwa. Anayekuja anafungua rekodi za mashine ya alama za vidole, anaona mtumishi anayetoka saa mbili kabla ya wenzake kila siku, na kwenye faili hakuna karatasi hata moja. Barua ya kujieleza inafuata. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hapo. Tatizo ni kwamba sheria imetaja saa mbili bila kusema zikatwe vipi: katikati ya siku, mwanzoni, mwishoni, au zigawanywe. Na imesema zisizidi mbili, kwa hiyo mwingine atatoa moja na kuona ametimiza.

Basi andika. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri kukupa ratiba ya kujipangia, lakini mkishakubaliana kubadili saa au mahali pa kazi, sheria hiyo hiyo inamtaka arekebishe maelezo ya mkataba na kukujulisha kwa maandishi. Barua yako itaje saa ya kuingia na ya kutoka, saa za kunyonyesha zinakaa wapi, saa ya chakula inabaki au imeunganishwa humo, nani anashika kazi yako ukishatoka, mpango unaanza lini, unaisha lini na mtaupitia lini. Ipeleke masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp wenye “sawa dada” hautakusaidia. Ukipewa siku za kufanyia kazi nyumbani, mtoto bado anahitaji mtu wa kumshika siku hizo.

Kwa walioko Kenya hesabu ni nyingine: likizo ni miezi mitatu kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na Sheria ya Afya ya 2017 inatoa muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula.

Kituo kiwe wapi? Kwa miezi sita ya kwanza, ambayo mtoto anapaswa kunywa maziwa ya mama peke yake, chagua karibu na kazini ikiwa usafiri wako wa asubuhi unavumilika. Utamnyonyesha mara mbili mchana na kukamua kidogo. Kama njia yako ni kusimama kwenye daladala na mtoto kifuani alfajiri, chagua karibu na nyumbani na upiganie saa mbili za mwishoni. Uliza leseni na uione. Uliza wanapokea umri gani, maana vituo vingi huanza na watoto wa miaka miwili. Hesabu walezi: England, kwa mfano, kanuni ni mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na anayeshika wachanga wanane hawezi kuwa anawatazama wote. Waombe wakuonyeshe wanapolalia. Mchanga alazwe chali, bila mto.

Maziwa yaanze kuandaliwa wiki tatu au nne kabla. Kadiria mililita 30 hadi 45 kwa kila saa utakayokuwa mbali; ukiwa mbali kwa muda wa saa kumi, ni kati ya 300 na 450. Gandisha kwa vifurushi vya mililita 60 au 90, kila kimoja na tarehe, kwa sababu kinachobaki baada ya mtoto kunywa kinamwagwa ndani ya saa mbili. Maziwa mabichi hukaa saa nne penye nyuzi 25 au chini yake. Mchana wa Dar es Salaam unapita hapo, basi yaende kwenye kiboksi cha baridi chenye vipande vya barafu, na kituo kiwe na friji inayofanya kazi. Kwenye friji hukaa siku nne. Yakishayeyuka, saa 24, na hayagandishwi tena. Yapashwe chombo kikiwa ndani ya maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu zinazounguza mdomo. Kazini, kamua kila baada ya saa tatu hivi, la sivyo maziwa yatapungua.

Mtoto azoee kikombe au chupa kabla, na anayempa awe mtu mwingine huku wewe ukiwa nje ya chumba. Kituoni aanze wiki mbili kabla yako: saa moja, kisha asubuhi nzima, kisha siku kamili. Urudi kazini Jumatano au Alhamisi, ili wiki ya kwanza iwe fupi.

Ataumwa. Watoto wanaoanza kituo huambukizana mafua na kuhara, na kituo kitakupigia uje umchukue. Sheria ya Tanzania inatoa angalau siku nne za malipo kwa mzunguko wa likizo (miezi 36) kwa ugonjwa wa mtoto na misiba, na hizo huisha haraka. Baba aombe zake pia, awe na ratiba yake ya kumfuata mtoto. Majina ya wanaoruhusiwa kumchukua yaandikwe kituoni, pamoja na namba zao.

Uliza ada inalipwaje mwezi wenye sikukuu. Pita bila taarifa mara moja moja, hata ukishawaamini. Hesabu nepi zilizolowa. Zikishuka chini ya sita kwa siku, au mtoto anachoka kuliko kawaida, mpeleke kliniki apimwe uzito.