Kabla Hujaamini Sefu ya Bei Nafuu: Bunduki na Moto wa Nyumba

Mkazi wa Njiro au Moshono, hapa Arusha, mwenye leseni ya kumiliki silaha hununua sefu kwa kumwogopa mwizi na watoto wa nyumbani. Sababu hiyo inatosha, na Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo inamtaka aitunze silaha mahali salama. Shida huanza pale muuzaji anapokwambia, "Na moto hauingii, bosi." Usitoe hela kabla hujamuuliza: moto wa nyuzi ngapi, kwa dakika ngapi, na nani alipima?

Sefu nyingi za bei nafuu ni chuma cha milimita 2 hivi, ndani zimebandikwa zulia. Zinazochomelewa na mafundi wetu mtaani huweza kuwa na chuma kinene zaidi, na kwa mwizi nadhani zinafaa kuliko nyingi za dukani. Lakini chuma hakizuii joto, kinalipitisha. Sanduku la chuma tupu likikaa motoni ni tanuri.

Kinachochelewesha joto ni tabaka la jipsamu au zege jepesi. Jipsamu, hii hii ya kwenye dari zetu, karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Ikipashwa moto maji hayo hutoka kama mvuke, na mpaka yaishe, upande wa pili hauzidi sana nyuzi 100. Ndiyo maana unene wake ni muda. Mwombe muuzaji akuonyeshe ukuta una tabaka ngapi, na usiishie mlangoni tu, maana wapo wanaoweka mlangoni na juu, kisha pembeni wakabania. Angalia pia ule mpira mwembamba wa kuzunguka mlango, wenye kuvimba ukipata joto na kuziba upenyo. Usipokuwepo, moshi na hewa ya moto vitapita hapo.

Kibandiko nacho kisomwe kwa makini. "Dakika 30 kwa nyuzi 650" mara nyingi ni kipimo cha mtengenezaji mwenyewe. Kipimo cha moto wa majengo kinachotumika Marekani, ASTM E119, hufika nyuzi 843 kwa dakika hizo hizo 30, na 927 kwa saa moja. Ukiona UL 1037 (UL ni shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa), hiyo inahusu mwizi mwenye vifaa vya mkono, haisemi lolote kuhusu moto. Ya moto ni UL 72: daraja la 350, yaani nyuzi 350 za Fahrenheit, maana yake ndani hakuvuki nyuzi 177 za Selsiasi, kiwango ambacho karatasi bado inasomeka. Hiyo huikuti kwa bei ya kuombeana punguzo.

Basi amua unalinda nini. Leseni na hati ya kiwanja zinataka kisanduku chao cha moto, na nakala zikae kwa ndugu. Bunduki ni habari nyingine: mtutu unaweza kuonekana mzima huku kitako cha mbao kimeungua na springi zimelegea. Hata moto usipoingia, ule mvuke wa jipsamu huigandia silaha na kuleta kutu.

Risasi zikae mbali na bunduki, na bunduki isihifadhiwe ikiwa na risasi ndani. Risasi ikilipuka kwa joto nje ya chemba, yaani tundu la bunduki inamokaa risasi tayari kufyatuliwa, ganda hupasuka na vipande huruka bila nguvu kubwa; iliyo ndani ya chemba hutoka kama imefyatuliwa.

Halafu mahali. Kuta zetu ni za tofali, lakini juu kuna kenchi za mbao, dari na nyaya za umeme. Vikishika moto huanguka na kuendelea kuungua juu ya sefu. Iweke kwenye kona ya kuta za nje, juu ya sakafu ya zege, mbali na mtungi wa gesi na petroli ya jenereta. Ndani ya kabati la nguo ni pabaya kabisa, japo ndipo wengi wanapoificha.

Ukipiga 114 kuwaita Zimamoto, waambie mapema kuwa ndani kuna risasi. Moto ukizimwa, usifungue sefu ingali ya moto: karatasi zilizopashwa zikipata hewa ghafla zinaweza kuwaka. Ikishapoa, toa taarifa polisi, kausha silaha na kuipaka mafuta, wala usiifyatue kabla fundi wa silaha hajaikagua.