Kukata kona angani: mabawa kwanza, pedali baadaye

Mwanafunzi mpya nikimwambia akate kushoto, mguu wake hukimbilia pedali, kana kwamba pedali ndiyo usukani wa gari. Angani hakuna lami ya kushikwa na tairi. Kinachoivuta ndege kwenye kona ni mabawa yenyewe: yakilazwa, nguvu yao ya kuinua nayo hulala, na sehemu yake huvuta pembeni.

Tuchukue Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kona ya kushoto, mlalo wa nyuzi 30.

1. Angalia kushoto kabla ya kugusa chochote. Mabawa ya Cessna hii yako juu ya paa; ukishalala, bawa hukuziba macho upande uleule unaokwenda.

2. Zungusha usukani kushoto. Eleroni ya kulia, yaani kibao kinachosogea ukingoni nyuma ya bawa, hushuka, bawa la kulia huinua zaidi na kupanda. Ila bawa linaloinua zaidi pia hukokotwa zaidi na hewa, basi pua hukengeuka kulia, kinyume kabisa na unakotaka! Kazi ya pedali ni hiyo: kanyaga ya kushoto, pua inyooke. Ndugu wawili Wright, waanzilishi wa urukaji, walisumbuliwa na jambo hili mwaka 1902, glaida yao (ndege isiyo na injini) ikiwa na mkia wa wima usiosogea, wakaufanya usogee. Wewe tazama kigololi kinachoteleza ndani ya kibomba cha kioo kwenye dashibodi: kikikimbilia kushoto, kanyaga kushoto.

3. Ukifika nyuzi 30, rudisha usukani katikati. Mlalo utabaki.

4. Vuta usukani kidogo kuja kwako. Nguvu iliyokwenda pembeni haibebi tena uzito, lazima uifidie. Kwa nyuzi 30 mabawa hubeba mara 1.15 ya uzito wa ndege. Kwa 45, mara 1.41, kwa 60, mara 2, na mashavu yako utayasikia yakishuka. Kasi ambayo chini yake bawa hushindwa kuinua nayo hupanda: kwa nyuzi 60 huongezeka kama asilimia 41. Ndiyo sababu mimi huwa mkali kwa mwanafunzi anayekaza kona ya mwisho kabla ya kutua, kasi ndogo, ardhi karibu. Umeupita mstari wa njia ya kutua? Ongeza nguvu ya injini, panda, zunguka upya.

5. Nyuzi 15 za dira kabla ya uelekeo unaoutaka, anza kunyoosha mabawa kwa usukani na pedali ya kulia. Legeza mkono uliokuwa ukivuta, la sivyo ndege itapanda nawe unashangaa.