Nyuzi za utumbo kwenye udi: jinsi ya kuchagua unene na mvuto kwa hali ya hewa yetu ya pwani

Kuna mpwa wangu yuko Bagamoyo anajifunza muziki, juzi kanipigia simu, mjomba nimepata nyuzi za utumbo wa mnyama za udi wangu (udi wa kupiga, ala ya nyuzi, si wa kufukiza), nifunge ipi wapi? Nikamuuliza udi wako una urefu gani, kimya. Nikamuuliza unatyuni uzi wa juu sauti gani, akasema "ya kawaida tu mjomba". Sasa hapo ndo wengi wanapokosea, wanaanza na uzi wakati uzi ni kitu cha mwisho kabisa kuchagua, kwa hiyo ngoja niandike yote hapa maana hata huku Tanga wapigaji udi bado wapo na kila mtu anahangaika na nyuzi kivyakevyake.

Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima toka pale nyuzi zinapokaa kwenye kamfupa ka shingoni mpaka pale zinapofungwa kwenye daraja. Udi za Kiarabu nyingi ni kama sentimita 61, za Kituruki 58.5, lakini usiamini ulichoambiwa dukani, pima mwenyewe, mafundi wa udi kila mmoja ana mkono wake. Halafu andika sauti unazotyuni. Mimi toka uzi wa juu, yaani ule mwembamba wenye sauti ya juu kabisa, kushuka natumia C, G, D, A, F, C, ambayo kwa hezi (mitetemo kwa sekunde) ni kama 262, 196, 147, 110, 87 na 65, programu yoyote ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha.

Sasa zidisha urefu kwa mita mara hezi za uzi wako wa juu kabisa. Udi wa sentimita 61 ukiwa na C ya juu ni 0.61 mara 262, unapata kama 160. Hiyo namba ishike sana. Utumbo mzuri unakatika namba ikifika karibu na 250, na hapa nisikilizeni vizuri, UNENE HAUHUSIKI. Watu wanadhani uzi ukikatika dawa ni kununua mnene zaidi, hapana, uzi mnene una nyama zaidi ni kweli, lakini unahitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi kwa kiwango kilekile ili ufike sauti ileile, kwa hiyo mwembamba na mnene wote wanafia palepale. Kinachokata uzi ni urefu wa udi ukichanganya na sauti unayoitaka (na kona kali ya pale shingoni, nitakuja huko). Kwa hiyo ukiona namba yako inapita 230 shusha sauti au tafuta udi mfupi, usiende dukani.

Ndugu wa udi wa Ulaya, yule luti ambaye hata jina lake limetoka kwenye hilihili neno udi la Kiarabu, yeye anaishi ukingoni kabisa. Luti ya zama za barok (miaka ya 1600 na 1700 hivi) ina nyuzi 24, jozi 11 na mbili za peke yake, urefu kama sentimita 70, na uzi wa kwanza ni F ya kama hezi 330 kwa utyunishaji wao wa zamani, A yao hezi 415 badala ya 440 ya leo. Zidisha, unapata 231. Ndo maana walimu wao wa kale walifundisha uzi wa kwanza uvutwe juu kadiri utakavyostahimili halafu nyingine zote zifuate huo. Sisi na C yetu ya 160 tuna nafasi kubwa sana, hata ukitaka kutyuni juu mpaka F ya 349 unafika 213, inawezekana, ila kwa unyevu wa huku usiuache udi umekazwa hivyo usiku kucha.

Ukishajua hauko hatarini ndo unachagua mvuto, yaani kila uzi uvute kilo ngapi. Hesabu yenyewe iko hivi: ile namba (160 kwa mfano) izidishe kwa yenyewe, zidisha na unene wa uzi kwa milimita uliozidishwa kwa wenyewe, halafu gawa kwa 2400. Jibu ni kilo. Mfano utumbo wa 0.55 kwenye C: 160 mara 160 ni 25600, 0.55 mara 0.55 ni 0.3025, zidisha gawa, unapata kama kilo 3.2. Hiyo 2400 ni ya utumbo tu, kwa sababu ya uzito wake. Nailoni ni nyepesi, gawa kwa 2800. Florokaboni, ile plastiki ya mshipi wa kuvulia, ni nzito, gawa kwa 1750. Ndo maana ukitaka mvuto uleule wa kilo 3.2 kwenye C ileile utahitaji utumbo 0.55, au nailoni 0.60, au florokaboni 0.47, na mtu akikwambia "weka 0.55" bila kusema ya kitu gani hajakwambia kitu.

Kilo ngapi sasa? Mimi nasema 3 mpaka 3.5 kwa kila uzi, basi. Chini ya 2.5 uzi unalegea, unagonga shingo na sauti inapanda ukiupiga kwa nguvu halafu inashuka, inaudhi mno kwenye taksimu, pale unapopiga peke yako kwa kubuni. Juu ya 4 udi unabanwa, sauti inatoka kubwa kwanza halafu inakufa, na hatari zaidi ni daraja. Udi wa nyuzi 11 (jozi tano za sauti moja na besi moja ya peke yake) kwa kilo 3.2 unabeba kilo 35, ukiongeza kilo moja tu kila uzi umeshaongeza 11 kwenye ubao ambao unene wake ni kama milimita mbili, na daraja limeshikwa kwa gundi tu. Mimi udi wangu wa kwanza niliuziwa umefungwa nyuzi za gita, muuzaji kaniapia ndo zake, masika ya mwaka uleule gundi ikalainika kwa unyevu na daraja likang'oka na kipande cha uso. Niliumia sana, ulikuwa udi mzuri, na mpaka leo nikiuona udi wa mtu una nyuzi za chuma siwezi kunyamaza, nitamwambia azitoe hata kama hatujuani.

Jozi zote zisipishane sana mvuto. Kwa udi wa 61 utumbo wangu ni 0.55 au 0.56 kwa C, 0.72 kwa G, na D milimita 1 kamili, zote ziko kati ya kilo 3.1 na 3.4. Kwenye A hesabu itakudai 1.3 na hapo ndo utumbo mtupu unaanza kunishinda, uzi mnene namna hiyo ni mgumu kukunjika, sauti inakuwa bubu, haina mwangwi. Wapo wanaosokota utumbo kwa kuukaza sana kama kamba ili uzi mnene ulainike, mzuri lakini kwa risha yetu (kile kipande cha kupigia nyuzi) bado napendelea nyuzi za besi zilizozungushiwa waya wa shaba kuanzia A kushuka chini. Inasimuliwa kwamba Ziryab, yule mpigaji wa Andalusia karne ya 9, nyuzi zake za chini zilikuwa za utumbo wa mtoto wa simba, sisi tutosheke na kondoo. Na wanaoniuliza utumbo ni wa mnyama gani, kwa kawaida ni kondoo, mbuzi au ng'ombe, muulize muuzaji kabla hujalipa, ni haki yako.

Ukipata uzi usiufunge kabla hujaukagua. Pima unene kwa maikromita (kifaa cha kupimia vitu vyembamba) sehemu tatu, kwa fundi yeyote wa mashine utaikuta, namba ikitofautiana uzi huo hautatyuni ukibonyeza juu. Halafu ushike mwanzo na mwisho, uvute kiasi, mwambie mtu aupige katikati kwenye mwanga. Uzi mzima utaonyesha mistari miwili safi inayotetemeka, uzi mbovu utaona mistari mitatu minne imechanganyikana. Jozi zikatwe kwenye uzi mmoja kama urefu unaruhusu, la sivyo zitagombana.

Kufunga: badili mmoja mmoja, usivue zote kwa mpigo. Sugua penseli kwenye vijia vya pale shingoni, na kama kijia ni chembamba kuliko uzi kipanue kwa msasa, kona ikiwa kali utumbo unakatikia hapo hata kama namba yako ni 160. Kaza kidogo kidogo siku tatu, usilazimishe siku moja.

Sasa unyevu, hili ndo kubwa huku kwetu. Utumbo unakunywa maji ya hewani, unavimba, sauti inahama, masika na upepo wa bahari utatyuni kabla ya wimbo na katikati ya wimbo. Udi ukae ndani ya begi lake, mbali na dirisha. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, jasho la vidole linazila. Zikianza kutoa vinywele usivute, kata kwa kikata kucha. Tone la mafuta ya lozi kidoleni linasaidia, la nazi silipendi, linanata na kukusanya vumbi. Na uzi wa juu ndo unaopigwa na risha kuliko wote, risha ya plastiki ngumu itautafuna, kwa hiyo kama unapiga harusini kila wiki weka juu Nylgut, uzi wa plastiki wa kampuni ya Aquila, imetengenezwa uzito uleule wa utumbo hivyo unagawa kwa 2400 vilevile na unyevu haiujali, utumbo uweke G na D ambako utamu wake unasikika hasa. Usipoipata, mshipi wa kuvulia wa florokaboni unafaa, lakini upime, unene ulioandikwa kwenye roli si wa kuaminika.

Basi mpwa wangu kapima, kumbe wake 58.5, nyuzi alizonazo 0.48, 0.60 na 0.78. Za 0.60 C inampa kilo 3.5, za 0.78 G kilo 3.3 na ushee, afunge hizo. Za 0.48 hazifiki hata 2.3 kwa C yake, nimemwambia azifunge kwenye karatasi aziweke. D abaki na nailoni yake kwa sasa, nitampelekea za milimita 1 nikienda, nimeshazipima na kuziangalia kwenye mwanga.