Jinsi ya kuelewa misemo ya Kiingereza iliyotoka kwenye besiboli

Mmarekani akikuandikia kazini "give me a ballpark figure" au "let's touch base Monday", kutafsiri neno kwa neno hakukufikishi mbali. Wafasiri ninaowafundisha siwapi orodha wakariri. Tunaanzia uwanjani, kwenye besiboli yenyewe, mchezo wa Kimarekani wa kuupiga mpira kwa gongo.

Hatua ya 1: Chora uwanja. Chora mraba uliosimama kwa ncha moja. Kila ncha ni kituo, na kutoka kituo hadi kituo ni futi 90, kama mita 27. Ncha ya chini ina kibao cheupe cha raba chenye pembe tano. Hapo ndipo anaposimama mpigaji na gongo lake. Mrushaji yuko karibu na katikati, mita 18 hivi mbele yake. Mpigaji akiupata mpira, anakimbia kuzunguka vituo.

Hatua ya 2: Weka kila msemo mahali pake. "Step up to the plate" haihusu sahani ya chakula. Ni kusogea kwenye kile kibao zamu yako ikifika na watu wote wanakutazama, yaani jitokeze ubebe jukumu. "Curveball" ni mpira uliorushwa kwa kuzungushwa, ukapinda njiani: swali au jambo usilolitarajia. "Touch base" ni kugusa kituo, basi ni kuwasiliana kwa ufupi tu. "Strike" huwachanganya wengi, maana kwa kawaida neno hilo ni "kupiga", lakini hapa mara nyingi ni kuukosa mpira au kuuacha mzuri upite. Zikifika tatu, mpigaji ametoka. Ndiyo maana sheria ya California ya 1994, iliyoweka kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa kosa kubwa la tatu, inaitwa "three strikes".

Hatua ya 3: "Rain check" ijifunze peke yake. Tangu karne ya 19, mvua ikivunja mchezo, mtazamaji alipewa nafasi ya kurudi siku nyingine. Leo ukimwalika mtu akajibu "I'll take a rain check", amekataa kwa adabu. Usimpangie tarehe mpaka aitaje mwenyewe.

Hatua ya 4: Jibu kulingana na maana. "Ballpark" ni uwanja wa besiboli. Ukiombwa "ballpark figure", toa makisio palepale: "kati ya milioni tatu na nne". Kusubiri ankara kamili ni kutomwelewa aliyekuuliza. Mwingereza akisema "hit for six", usiutafute msemo huo kwenye mchoro wako. Huo ni wa kriketi.